Ng'ombe Niliowakana

Ng'ombe ni wangu. Ninaliandika hili mapema, kabla sijapata nafasi ya kubadili mawazo, kwa sababu kwa miaka kadhaa nilikana. Nikiulizwa Masasi mjini, ninakoishi, nilisema ni wa dada. Nikiulizwa Newala, wanakolala, nilisema ni wa familia. Siku moja Dar es Salaam, kwenye mkutano wa waandishi, bwana mmoja aliyekaa karibu nami alitazama uchafu uliokauka kwenye kiatu changu, nikamwambia kwamba barabara zetu za kusini bado zina matope. Kutoka Masasi hadi Dar es Salaam ni lami tupu. Yale hayakuwa matope.

Nilikuwa na sababu zangu. Ya kwanza ni kwamba niliwahi kuandika makala ya kuwacheka wafugaji wa simu, wale watu wa mjini wanaonunua ng'ombe, wakawaacha kijijini, kisha wakawa wanaletewa picha kwenye WhatsApp na kutoa amri: huyu mbona kakonda, yule mgeuze nimwone ubavu. Makala ile ilipendwa. Watu walinipongeza sokoni. Mwaka haukuisha nikanunua mitamba watatu, nikawapeleka kwa dada, na picha ya kwanza ilipoingia kwenye simu nilijikuta nimeandika: mgeuze nimwone ubavu.

Sababu ya pili ni kwamba sisi si watu wa ng'ombe. Kule juu kwenye uwanda wa Makonde ni korosho, mihogo, mbaazi, kuku na mbuzi wawili watatu wa kuchinja ikitokea shughuli. Ng'ombe anataka maji, na bibi zetu walikuwa wakiyafuata maji bondeni na kuyapandisha kichwani; hakuna ambaye angempandishia ng'ombe. Siku hizi bomba lipo, likitaka kutoa linatoa, lakini fikra imebaki ileile. Mwanamke mwenye digrii anayefuga ng'ombe Newala anaonekana kama mtu aliyevaa koti la mvua kiangazi.

Dada yangu mkubwa hakuona haya hata kidogo. Alifiwa na mumewe, watoto wakaolewa na kuoa mbali, akabaki na nyumba yake ukingoni mwa uwanda, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea bonde la Ruvuma. Ng'ombe walipofika alichangamka kama mtu aliyepewa kazi mpya serikalini. Maziwa aliyagandisha, majirani wakaja na vikombe. Samadi aliipeleka kwenye bustani ya mchicha na nyanya, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe hakumwomba mtu chochote. Alikuwa akiniambia, "Mdogo wangu, siku hizi nikikohoa watu wanauliza nimeugua nini. Zamani walikuwa wanafunga mlango."

Chakula cha ng'ombe kilitoka kwenye mteremko wa ukoo, chini ya nyumba yake. Ni kipande kirefu cha majani, kimeinama kiasi kwamba mtu asiyezoea hutembea kiubavu. Utotoni, marehemu mama alitukuta tukiteleza pale juu ya makuti, akatuchapa, na bado tuliteleza. Wakati huo kulikuwa na ukoka mnene, ule unaotambaa na kushika ardhi kama zulia. Ng'ombe walipokuja ukoka ulikuwa bado upo, ingawa umepunguka. Kila mwaka ulizidi kupungua. Yakaja majani mengine, magumu kama njiti za ufagio wa chelewa, ambayo ng'ombe aliyanusa akamtazama dada usoni. Baadaye hata hayo yakaanza kuachia mabaka ya udongo mwekundu, na mvua ikapata pa kuchimba.

Kila mtu alikuwa na jibu lake: jua, au mbuzi wa jirani, au kwato za ng'ombe, maana ardhi yetu haijawazoea. Mimi nilitazama juu ya mteremko, mahali ambapo hakuna aliyetaka kutazama, kwenye mikorosho ya mjomba.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Mkorosho ukichanua hupata ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua, na dawa yake tuliyoizoea ni salfa. Kuanzia mwezi wa sita, alfajiri, upepo ukiwa bado umelala, mashine za kupulizia zinaanza kunguruma shamba hadi shamba, na unga wa njano unapanda kwenye matawi kama moshi. Unaingia machoni, kwenye chai, kwenye nguo za kanisani. Hakuna anayelalamika. Harufu ile kwetu ni harufu ya ada za shule na mabati mapya. Mjomba ndiye aliyekuwa mpulizaji hodari kuliko wote. Alipuliza mpaka mikorosho ikawa kama imevaa kanzu za njano, na kilichobaki hewani kikashuka taratibu, mwaka baada ya mwaka, kikalala kwenye mteremko wetu.

Salfa ikikaa udongoni inageuka tindikali. Udongo mzito huweza kuvumilia; wetu ni wa kichanga, hauna kifua. Hilo nililijua kwa kusoma, na nilikuwa na hakika nalo. Tatizo lilikuwa kulisema. Kuisema vibaya salfa kwenye uwanda wa Makonde ni sawa na kusimama harusini ukaanza kueleza kasoro za bibi harusi.

Kabla sijapata namna ya kulisema, mjomba aliita kikao.

Kwetu ardhi hufuata upande wa mama, na msemaji wake ni mjomba, kaka wa mama. Awe mkorofi au mpole, neno lake ndilo linalofunga. Huyu wetu ana vyote viwili kwa zamu. Shamba lake la mikorosho amelifagia chini mpaka korosho ikidondoka inaonekana kutoka barabarani, na kipande cha ardhi kisichofagiwa kinamnyima usingizi. Tulikaa barazani kwa dada, baada ya Pasaka, wakati ambao mteremko ulipaswa kuwa wa kijani kuliko wakati wowote, na kutoka pale tulipoketi wote tuliuona ulivyokuwa mwekundu.

"Mteremko umechoka," mjomba alisema. "Majani yamekataa. Nimeshaatika miche ya mikorosho kwenye viriba. Mvua zijazo zikitulia, ardhi ikishalowa, naipanda kuanzia juu mpaka chini."

"Na ng'ombe, mjomba?" dada aliuliza.

"Ng'ombe ni wa nani?"

Dada angeweza kusema ni wake, lakini dada hasemi uongo mbele ya mjomba. Akanitazama. Mimi nikatazama dari, ambayo ilikuwa na utando wa buibui uliohitaji kushughulikiwa.

"Nimesikia ni wa familia," mjomba akaendelea. "Familia ndiyo hii hapa. Nani anawataka?" Alizungusha macho. "Hakuna. Basi wauzwe, tuache kutesa viumbe."

Nilimwona dada akiukunja upande wa kanga yake, akiukunjua, akiukunja tena. Nikajua kinachouzwa pale si ng'ombe.

"Ni wangu," nikasema.

"Sikusikia."

"Ni wangu, mjomba. Wote."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Mama mdogo, ambaye hajawahi kuacha nafasi ipite, alipiga makofi. "Jamani! Mtu kazaa watoto watatu, leo ndiyo anawatambulisha kwa ndugu!"

Kicheko kikapita barazani, na mimi nikacheka nao kwa kuwa sikuwa na pa kujificha. Mjomba hakucheka. Alitoa hukumu yake.

"Vizuri. Mwenye mali kajitokeza. Sasa mwenye mali atuoneshe chakula cha mali yake. Mvua zikitulia nitapita. Nikiona majani, nitanyamaza. Nikiona udongo, napanda. Na wewe msomi usiniletee maneno, niletee majani."

Wiki ile nilimwomba rafiki yangu anayefundisha kemia anipe vikaratasi vya litmasi, vile vya kupimia tindikali. Mimi na dada tulikoroga udongo wa mteremko kwa maji ya mvua kwenye kikombe cha plastiki, dada akachovya karatasi ya buluu, ikageuka nyekundu mbele ya macho yake. Tukachukua udongo wa nyuma ya jiko, pale anapomwaga majivu, tukachovya nyingine. Ikabaki buluu.

"Kwa hiyo udongo umekuwa kama siki," dada alisema.

"Kama siki."

"Na siki imetoka juu."

"Imetoka juu."

Akatazama mikorosho ya mjomba, akapumua. "Hapo niachie mimi. Wewe ukimwambia atakufukuza."

Sikumwachia. Nilikwenda mwenyewe kumweleza mjomba kuhusu tindikali, kwa utaratibu, kama mhadhara. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama hiyo digrii nilisomeshwa kwa majani au kwa korosho. Nikasema kwa korosho. "Zilizopulizwa nini?" Nikasema salfa. Akaniaga kwa heshima zote.

Dada alikwenda siku ya pili na kibuyu cha maziwa mgando, ambayo mjomba anayapenda kuliko anavyokubali. Hakutaja tindikali. Alilalamika tu kwamba salfa inaingia kwenye maziwa, inaharibu ladha, na kama mistari ile ya ukingoni ingepuliziwa dawa ya maji badala ya unga, basi mgando ungekuwa kama wa zamani. Mjomba akanywa, akaonja, akakubali kwamba kweli, kuna kitu kama njano ndani yake. Msimu ule mikorosho yote ya ukingoni ilipata dawa ya maji. Nimeandika makala nyingi za kushawishi watu. Hakuna hata moja iliyowahi kufanya kazi kama kibuyu kile.

Siki ikawa imezuiwa isiongezeke, ikabaki kuiondoa iliyopo. Chokaa ya shamba ingefaa, lakini kuipata na kuifikisha kule ukingoni ilikuwa hadithi nyingine. Majivu, ambayo nayo hupunguza tindikali, yalikuwepo kila nyumba, nasi tunayatupa chooni ili kuua harufu. Nilifurahi mno kwa ugunduzi huu. Nilichukua kiroba na kuanza kupita kwa majirani.

Hapa ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo nililelewa vizuri nisilifanye. Mwanamke mtu mzima, anaishi mjini, anatokea jikoni kwa watu asubuhi na kiroba, anaomba majivu ya mafigani. Mafiga! Hata mtoto angeniambia kwamba jivu la jiko la mtu ndilo la kumrogea. Jirani wa kwanza aliuliza, "Una mgonjwa?" Nikasema sina mgonjwa, nina mteremko. Jirani wa pili, mama mwenye shamba la mihogo chini yetu, alisimama mbele ya jiko lake kama golikipa.

"Jivu langu likalale kwako, na mimi nikalale wapi?"

"Mama, ni la kurutubisha majani."

"Majani yaliomba?"

Nilirudi na kiroba kitupu na sifa mpya. Jioni dada aliniambia habari zimeshafika dukani. Alisimama pale mlangoni akicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akasema jambo lililotuokoa: majivu ya mtu mmoja yana mwenyewe, lakini yale ya shughuli ni ya watu wote, hayawezi kumroga mtu.

Msimu ulikuwa mzuri kwa hilo. Mavuno yakiisha kwetu ndiyo wakati wa jando na unyago. Watoto wanaingia na kutoka, na kila wanapotoka kunapikwa. Masufuria makubwa, magogo, mioto inayokesha. Dada anajulikana kila palipo na ngoma. Alichangia maziwa, akapika, akacheza, na asubuhi wapishi wenyewe walituzolea majivu kwa koleo wakifurahi kupata mtu wa kuwasafishia uwanja. Kwa miezi ile nilikwenda Newala kila nilipopata nafasi, na nikala pilau nyingi kuliko inavyoshauriwa kwa umri wangu, yote kwa faida ya udongo. Viroba vilijipanga kwenye ukuta wa banda. Tukavichanganya na samadi.

Ng'ombe tuliwaondoa mteremkoni, dada akawalishia bandani mabua, maganda ya mihogo na majani ya mbaazi. Ikabaki hofu moja. Mteremko ule ukinyweshwa mvua ya kwanza ungemwaga kila kitu bondeni, nasi tungekuwa tumekusanya majivu ya wilaya nzima kwa ajili ya samaki wa Ruvuma.

Na hapa naomba niruhusiwe kujisifu, kwa kuwa nafasi zenyewe ni chache. Chuo kikuu nilisoma jiografia, na katika miaka yote iliyofuata elimu ile ilinisaidia zaidi kwenye mafumbo ya gazetini. Lakini nilikumbuka fremu ya herufi A. Unafunga miti miwili mirefu ikutane juu, unaweka mmoja wa kulala katikati, unaning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Kamba ikitulia katikati ya ule mti uliolala, miguu miwili ya fremu iko kwenye usawa mmoja. Unapigilia kijiti, unazungusha mguu, unapigilia kingine, na ukimaliza una mstari unaokata mteremko bila kushuka. Kwenye mstari huo unachimba kimfereji na kuinua tuta, na maji yakishuka yanalazimika kutulia.

Dada alinifuata na vijiti vya kupigilia.

"Ulikwenda chuo kikuu, ukarudi kutembeza jiwe," alisema.

"Pigilia hapo."

"Mama angekuona."

"Angenichapa. Pigilia."

Tulichimba makinga maji, moja baada ya jingine, kutoka juu hadi chini. Juu ya matuta dada akapanda mbaazi, zishike udongo na kuulisha. Katikati tukatandaza mchanganyiko wetu, na kwenye mabaka mabaya tukapandikiza vipande vya ukoka alivyovichimba kwenye uwanja wa nyumba yake. Upepo uligeuka mara moja, nikawa wa kijivu kuanzia nywele mpaka viatu. Mama wa mihogo alikuwa akipita. Alivuka kwenda upande wa pili wa njia.

Mvua ya kwanza ilinyesha nikiwa Masasi. Nilikaa dirishani nikitazama vilima vya mawe vinavyouzunguka mji vikipotea kwenye ukungu, nikawaza juu ya matuta kama mzazi anayewaza mtihani. Dada alinitumia picha: makinga yote yameshika maji isipokuwa la chini kabisa, lililopasuka na kumwaga majivu yake kwenye mihogo ya jirani. Wiki chache baadaye picha nyingine: mihogo ile, upande uliomwagikiwa, ina majani mapana ya kijani kibichi. Na chini ya picha dada akaandika kwamba jirani kaja na mayai, kauliza kama yale majivu yalibaki.

Majani ya mteremko hayakuwa na haraka. Mwanzoni yalikuja yale magumu, nikakata tamaa kidogo kwa siri. Kisha ukoka ukaanza kutoa mikono. Ulitoka kwenye matuta, ukavuka mabaka, ukakutana na mwenzake wa tuta la pili. Nilipokwenda kuuona nilivua viatu nikakanyaga, na dada hakusema neno lolote la kunicheka, jambo lililonitia wasiwasi.

"Mjomba kapita?" niliuliza.

"Kila siku anapita. Anatazama upande wa barabara."

"Na miche?"

"Iko uani kwake, kwenye viriba, anaimwagilia. Imefika magotini." Akanipa viatu vyangu. "Mvua zimetulia, mdogo wangu. Alisema zikitulia."

Nilirudi Masasi nikiwa na hakika kuhusu majani na sina hakika kuhusu mjomba. Majani yana kanuni zake. Mjomba naye ana zake, ila hajazichapisha.

Siku tatu hivi baadaye, nikimenya vitunguu, simu ikaita. Ilikuwa namba ya mjomba. Mjomba wangu hapigi simu, anabipu; ikiita mara moja na kukatika unajua anakutafuta, unampigia. Nikangoja ikatike. Haikukatika. Iliita, ikaita, nikaifuta mikono kwenye sketi na kupokea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hujambo? Huko kunanyesha?"

"Kidogo. Sijambo, mjomba."

"Huku kumetulia." Nikasikia jogoo nyuma yake. "Nina mbuzi wangu hawa. Unawajua."

"Nawajua."

"Sasa huku juu nimefagia, unajua mimi sipendi uchafu. Hawana pa kuweka mdomo. Nikamwambia dada yako, nikasema niteremshe mbuzi wale kidogo hapo chini. Kanijibu nini? Kasema mwenye mali ni mdogo wake, nimuulize mwenyewe."

Nilikaa kwenye kiti cha jikoni.

"Miche je, mjomba?"

"Miche gani?"

"Ya mikorosho. Ya mteremkoni."

"Ah, ile. Ile nimempa shemeji yako wa Tandahimba, ana eneo limekaa bure. Mimi nimekuuliza mbuzi."

"Waje, mjomba. Ila kwa kamba, na siyo kwenye matuta."

"Kamba? Mbuzi wangu wana adabu."

"Ng'ombe wangu wanafungwa kamba, mjomba."

Jogoo akawika tena.

"Haya," akasema. "Kamba ninazo."